Nyumba ya Kukaa au ya Kutegesha

Tampere, Finland
Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Kuna sauti moja imekataa kunitoka kichwani, na nitaanza nayo hata kabla sijauliza habari za goti lako. Ngo, ngo. Ni vifundo vya vidole vya yule mthamini wa mgodini akigonga ukuta wa nyumba yetu hapo Genkuru, huku ameweka sikio kama daktari anayesikiliza kifua. Nilikuwa mdogo, nimesimama nyuma yako, nimeshika kanga yako. Aligonga, akanyamaza, na sisi wote tukanyamaza. Kisha akasema, "Humu haishi mtu."

Sasa niambie goti linaendeleaje. Kaka Mwita alisema umeacha kupanda mlimani kuokota kuni, siku hizi unaletewa mzigo na bodaboda. Nikafurahi, halafu nikabaki nikijiuliza kama hiyo ni habari nzuri au mbaya. Kikohozi cha Baba kimepungua? Yule ndama wa ng'ombe mwekundu ameshika nguvu? Mimi mwilini ni mzima. Kichwani ndiko sijui niseme nini.

Naandika kwa sababu simu haitoshi. Siku ile nilipokuambia kwamba nataka kununua nyumba huku, ulikaa kimya mpaka nikasikia kuku na redio ya Baba. Halafu ukauliza, "Ghati, hiyo nyumba ni ya kukaa au ya kutegesha?" Mtandao ukakatika hapo hapo. Nilipokupata tena ukaniambia habari za mahindi na harusi ya jirani, na swali lako hukulirudia. Lakini mimi nimebaki nalo, Mama. Naenda nalo kazini, narudi nalo. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi, kwa sababu kila nikijibu "ya kukaa" naona nimekuambia kwamba sirudi, na kila nikijibu "ya kutegesha" naona nimesema uongo, tena nimejidharau.

Basi nikueleze ilivyokuwa, labda nikimaliza nitakuwa nimelijibu.

Pale maabara ninapopima maji wamenipa mkataba wa kudumu. Niliusoma huo mkataba nikakwama kwenye neno hilo, kudumu, nikaogopa kama vile nimepewa hukumu. Wiki chache baadaye tukatangaziwa kwamba jengo ninalopanga linafumuliwa lote ili wabadilishe mabomba yaliyomo ndani ya kuta, kwa hiyo kila mtu atafute pa kwenda. Akinyi, yule rafiki yangu wa Migori anayeuguza wazee, akanicheka.

"Umekaa kwa nyumba ya mtu miaka yote hii kama mgeni," akasema. "Nunua yako bana. Kwani unangoja nini?"

Kweli sikujua ninangoja nini.

Kununua nyumba huku si kama kununua kiwanja Turwa. Kule unatembea mpakani na muuzaji, mnaita majirani wa pande zote waje waone, mwenyekiti wa mtaa anapiga muhuri, mnakunywa soda. Huku nilimuuliza mtu wa benki, majirani watakaoshuhudia mauziano watakuja lini? Akanitazama kwa huruma. Kisha akanieleza jambo ambalo mpaka leo nalizungusha kichwani: kwenye haya majengo ya ghorofa hununui nyumba. Jengo zima ni mali ya kampuni, na wewe unanunua hisa za hiyo kampuni, na hisa zako ndizo zinazokupa haki ya kuishi nyuma ya mlango fulani. Nikamuuliza, na udongo ulio chini? Akasema hilo ni suala jingine. Nikamuuliza, kwa hiyo ukuta ni wangu au si wangu? Akafikiri sana, kijana wa watu. Akasema, rangi ni yako.

Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njiani. Mtu anahama kutoka Genkuru mpaka huku, anaambiwa rangi ni yake.

Nyumba ya kwanza niliyokwenda kuiona na Akinyi ilikuwa kando ya ziwa, jengo jipya. Ziwa lao ni kubwa, Mama, ingawa mtu wa Mara hawezi kushangaa sana. Watu walikuwa wengi, wote wamevua viatu mlangoni, wanatembea na soksi kimya kimya kama wako msibani. Dalali alikuwa dada mmoja mwenye tabasamu lisiloisha. Kila kitu ndani kilikuwa cheupe. Mezani kulikuwa na bakuli la malimau, manjano yanang'aa. Nikaliinua moja nilinuse. Lilikuwa plastiki.

Nikaenda kwenye rafu ya vitabu, nikakuta vitabu vimegeuzwa, migongo imeelekezwa ukutani, hakuna anayeweza kujua ni vitabu gani. Jikoni hakuna harufu, hakuna hata chumvi. Chumbani nikabonyeza kitanda kilichotandikwa vizuri kama cha hoteli, kikabonyea kama puto, maana ndani ni upepo mtupu. Nikasogea ukutani nikagonga. Ngo, ngo.

"Wewe Ghati," Akinyi akaninong'oneza, "sasa unapigia ukuta hodi?"

Nikamgeukia dalali. Nikamuuliza, "Mwenye nyumba hii analala wapi?"

"Hakuna anayelala hapa," akasema, bado anatabasamu.

"Basi mnamdanganya nani?"

Mama, unajua sauti yangu ikipanda. Watu wote wenye soksi wakageuka. Bwana mmoja akachukua limau, akalibonyeza, akamwonyesha mke wake. Akinyi akanishika mkono akanitoa nje hata viatu sijafunga.

"Hiyo ni kupamba tu!" akaniambia kule nje. "Wanapamba ndio mtu aone vile itakaa. Kwani bibi arusi akipakwa rangi unamwambia anadanganya?"

"Ile ni tegesha," nikasema. "Nyumba isiyo na mtu, imewekewa vitu ili mtu aamini ina mtu. Nimeishi ndani ya nyumba kama hiyo. Naijua."

"Nyumba kama hiyo, na ziwa inaonekana kwa dirisha, unaiacha juu ya malimau! Watu wa Tarime nyinyi ni kesi tu. Umeona limau, umefungua kesi."

Baadaye nilielewa kwamba ni desturi yao. Nyumba inayouzwa huku hupambwa kwa vitu vya kukodi na hakuna anayedanganyika, kila mtu anajua. Nyumba ile ikachukuliwa siku ileile na watu wengine. Lakini mimi kosa lile siwezi kulionea aibu sana, kwa sababu ningewezaje kuona kitu kingine? Wewe unamkumbuka Baba.

Unamkumbuka wakati ule mgodi uliposemekana utapanua mipaka, na kila mtu kijijini akaanza kutegesha, anasimamisha vyumba vitupu mashambani ili mthamini avikute na mwenyewe alipwe fidia. Tofali zimesimamishwa kwa ubavu, ukuta mwembamba, hakuna sakafu, bati zimeshikiliwa kwa mawe. Baba naye akajenga yetu kule pembeni mwa shamba la mihogo. Akatundika pazia dirishani. Akaweka viatu vyake vya zamani mlangoni. Akamfunga kuku mguuni na kumwacha ndani ili pawe na dalili ya uhai.

Mthamini akaja, akagonga ukuta, akaweka mkono kwenye mafiga, akakuta baridi.

"Mzee, nyumba hii ni ya nani?"

"Ya mke wangu mdogo," Baba akasema bila kupepesa macho.

"Yuko wapi?"

"Ameenda kisimani."

Na wewe Mama, uliyekuwa umeambiwa usimame tu na usiseme chochote, ukasema, "Mke mdogo gani?"

Mthamini aligeukia ukutani ili asimcheke Baba usoni. Alipotulia akauliza kama kuku ndiye mke mdogo. Akaondoka hajaandika kitu, na mwishowe mpaka wenyewe ukapita mbali na sisi. Baba alinuna siku nyingi. Lakini ninachokikumbuka mimi ni jioni ile, ulipobeba chungu chako kichwani ukavuka shamba la mihogo. "Kama hii ni nyumba ya mke mdogo," ulisema, "kuanzia leo mke mdogo ni mimi. Nileteeni vyombo." Ukawasha moto. Baba akalalamika kwamba moshi utaharibu kuta na wakirudi watasema nyumba ni kuukuu. Ukamwambia, "Waseme. Wewe kula ugali." Mvua za kwanza zilipoyumbisha ukuta, ulimlazimisha ajenge mwingine kwa ndani. Baba alijenga nyumba ili ibomolewe alipwe, wewe ukaikalia mpaka ikawa nyumba. Mimi nimesoma vitabu vingi tangu hapo na sijakutana na jambo lililonichanganya kuliko hilo. Sijui ni saa ngapi hasa iligeuka. Ni ule moto? Ni ukuta wa pili? Ni siku tulipoacha kusema "kule" tukaanza kusema "nyumbani"?

Niliendelea kutafuta. Nyingine zilikuwa mbali, nyingine zilinukia rangi mbichi, na moja tuliiacha kwa sababu Akinyi alisema jirani wa chini ana uso wa mchawi. Kisha tukaenda kuona nyumba ndogo kwenye jengo la zamani, ghorofa ya tatu. Dalali wa safari hii alikuwa kijana, naye alitupokea ngazini amekosa raha.

"Nawaomba radhi," akasema. "Mwenye nyumba nilimwomba atoke kidogo wakati wa maonyesho. Amekataa."

Ndani tulimkuta bibi mmoja, jina lake Helvi, ameketi jikoni na kikombe cha kahawa, viazi vinatokota jikoni. Hakusimama. Alimwonyesha dalali kijiko na kumwambia kwa Kifini, na hapo nilielewa kila neno, "Ni yangu mpaka niseme si yangu." Anahamia kwa binti yake mji mwingine, ngazi zimemshinda. Nyumba ilinuka samaki na viazi na sabuni. Sakafu imelika pale mtu anaposimama kuosha vyombo. Mama, nilitaka kulia, na sikujua kwa nini.

Akinyi alinifinya. "Usigonge," akasema. "Tafadhali, leo usigonge."

Nikaingia chumbani, nikagonga. Ngo, ngo.

Ukuta ukajibu. Ngo, ngo.

Nikaruka nyuma. Akinyi akaita jina la Yesu. Tukasikia kiti kikiburutwa jikoni, bibi akatokea mlangoni na kijiko chake mkononi, amekunja uso.

"Nani amegonga? Leo nimeshagonga!"

Nikamwomba radhi kwa Kifini changu kibovu. Akanitazama, kisha akacheka, akaketi kitandani akanieleza, na pale niliposhindwa yule kijana alinitafsiria. Upande wa pili wa ukuta anaishi mzee mmoja peke yake. Kila asubuhi Helvi akiamka anagonga mara mbili. Mzee akijibu, kila mtu anakwenda kunywa kahawa yake. Wamefanya hivyo tangu mume wake na mke wa mzee walipofariki.

"Na mkikutana ngazini mnaongea nini?" nikamuuliza.

"Tuongee nini?" akasema. "Tumeshagonga."

"Siku asipojibu?"

"Nina ufunguo wake. Na yeye ana wangu."

Nikamuuliza swali la kijinga nililokuwa nimemuuliza mtu wa benki, kwamba mpaka wa nyumba yake uko wapi. Hakuona kama ni la kijinga. Aliweka kiganja ukutani, pale panapogongwa, ambapo karatasi ya ukuta imechakaa ikawa laini kama ngozi ya ngoma. "Hapa," akasema. Halafu na yeye akaniuliza. Hakuuliza natoka nchi gani, wala nafanya kazi gani. Aliuliza kama mimi ni mtu wa kuamka mapema.

"Mapema," nikasema.

"Yeye huchelewa kujibu kidogo. Usiogope haraka. Mvumilie."

Dalali alikuwa anatazama saa. Tulipotoka, Akinyi hakunitania. Chini kabisa ya ngazi akasema, "Hiyo sasa si tegesha." Nikamwambia ndicho kinachoniogopesha.

Kwa sababu, Mama, ya kwanza ningeweza kuinunua na kuiacha. Nyumba ya malimau ya plastiki haikudai chochote. Ungeniuliza lini unarudi, ningesema naweka tu mzigo hapa. Lakini nikianza kugonga ukuta huu, kuna mtu upande wa pili atakayeweka kikombe chini akisubiri nigonge kesho yake. Nilikaa na wazo hilo mpaka kazini nikakosea vipimo. Nikafikiri kuhusu wewe ukiamka na goti lako hapo Genkuru. Wewe nani anakugongea? Nigongee mzee nisiyemjua jina na mama yangu simgongei? Nikamkasirikia Helvi, mtu wa watu, kama vile amenitega. Siku moja nilimpigia dalali nikamwambia sitaki tena, kisha nikampigia tena kabla hajaandika popote.

Nikafikiri pia kwamba hata hapo nyumbani sijawahi kuwa na ukuta. Shamba ni la Baba, na litakuwa la Mwita, na ndivyo ilivyo, silalamiki. Mimi nililelewa kama mtu atakayepita. Nyumba yako mwenyewe uliipata kwa kujiita mke mdogo. Basi nilipokuwa nauliza kama rangi ni yangu, huenda kiburi kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Sijui. Nakuandikia kama ninavyofikiri, na ninavyofikiri hakujanyooka.

Ila kuna jambo moja limenyooka, nalo nililiona kwa ghafla nikiwa nasafisha chupa maabarani. Nilikuwa nakumbuka maneno unayoniambia kila nikipiga simu: "Chumba chako kiko vilevile. Hakuna aliyeingia." Nilipoondoka uliniambia nikifunge mwenyewe na niondoke na ufunguo, kwamba huo ndio utakaonirudisha. Nimeubeba miaka yote pamoja na funguo za huku. Ndani kuna kitanda kimetandikwa, chandarua kimefungwa juu, sanduku langu la shule, pazia dirishani. Wewe unafagia mlangoni. Mtu akipita nje ataapa kwamba humo analala mtu. Na watoto wa Mwita wanalala sebuleni kwenye mkeka, wanakunjua na kukunja kila siku, wanapita kando ya mlango wangu.

Mama, nimetafuta tegesha nchi nzima ya Finland kwa kugonga kuta za watu. Tegesha iko nyumbani, na ni yangu, na mlinzi wake ni wewe, wewe uliyembeza Baba kwa kumfunga kuku mguuni.

Msalimie Baba, mwambie nimesimulia habari za mke mdogo huku na watu wamemshangilia, asikasirike. Msalimie wifi yangu, nashukuru kwa yale aliyoniambia kwenye simu kuhusu mkeka wa watoto, na kwa kuwa hakukuambia wewe. Shangazi wa Turwa mwambie nimeupokea ujumbe wake kuhusu kuolewa, nimeuweka mahali pazuri. Bibi wa Nyansurura mpe shikamoo yangu kwenye sikio lile linalosikia, umweleze kwamba huku pia kuna vibibi wakali.

Nilisaini Jumatatu. Nyumba ya Helvi ni yangu, au hisa ni zangu, au rangi. Asubuhi ya kwanza niligonga, na mzee alichelewa, nikasubiri nimeshika ukuta kwa mikono miwili, kisha akajibu. Na Jumanne nilipomsindikiza Akinyi anayekwenda kwao Migori likizo, niliutoa ufunguo wa chumba changu kwenye funguo zangu nikampa. Nilitaka abebe na barua hii pia, lakini ilikuwa bado imechanikachanika, ndiyo maana inakuja kwa posta nyuma yake. Akinyi amevuka Sirari juzi, Mwita amempokea ufunguo. Jana wifi amekifagia chumba, watoto wameingiza nguo zao. Itakapokufikia barua hii utakuwa umeshakasirika, na labda umeshawasikia wakigombania upande wa dirishani.

Usiseme Ghati amejifuta. Likizo yangu naipata kiangazi cha huku, nakuja. Nitalala kwako, kitandani kwako, upande wa ukutani, kama zamani. Baba atajua pa kwenda.

Mwanao anayekupenda, na aliyejibu swali lako kwa kadiri alivyoweza,

Ghati